Mabakuli ya Mama Mfuniko

Jumanne alasiri, wateja walipokwisha, Mama Mfuniko alihesabu mabakuli rafuni akapata kumi na tisa. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, labda yangeongezeka yakitazamwa vingine. Kumi na tisa yale yale. Ijumaa saa tatu asubuhi angekuja afisa mazingira, na kazi ya afisa huyo pale kwenye dirisha lake la kuuzia chakula ilikuwa moja tu, kuhesabu.

Mji wao ulisifiwa kwa usafi, na usafi huo haukushuka kutoka mbinguni. Ilipigwa marufuku mifuko ya plastiki, vikafuata vikombe vya kutupa, yakafuata makasha ya kubebea chakula. Aliyetaka kuuza chakula cha kuondoka nacho ilimbidi awe na vyombo vyake, viende na virudi. Mama Mfuniko alinunua mabakuli sitini ya chuma yenye vifuniko vya kubana, akayapaka kila moja nukta nyekundu chini ya kitako, akapewa kibali kwa sharti lisilo na mjadala: siku ya ukaguzi yawepo hamsini. Yakipungua, yanahesabiwa kuwa takataka zilizotapakaa mjini, na kibali kinafutwa. Jina lake alipewa na wateja, kwa sababu kabla ya kukabidhi bakuli alikuwa analipiga kifuniko makofi mawili, kama anayemuaga mtoto akienda shule.

Mumewe, fundi baiskeli, alimshauri tangu mwanzo. "Toza amana, mama. Mtu akijua kuna chake kwako, miguu itakumbuka njia."

"Niwaambie watu wazima na akili zao kwamba nawaona wezi? Thubutu!"

Basi kila bakuli lilitoka na maneno yale yale: "Utanirudishia ukipita." Kama jirani kwa jirani. Aliyaonea fahari sana maneno hayo, na sasa yalikuwa yanamtafuna.

Alifunga dirisha akaenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye zamani alikula kwake kila siku ya Mungu. Fundi alipomwona mlangoni, aliinama chini ya meza kama mtu aliyeangusha sindano.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri, mama! Nakuja, mama! Wiki hii hii, mama!" ilijibu sauti kutoka chini ya meza, na mwenye sauti hakutokea.

Njiani akamwona mwalimu mstaafu, mteja wake wa kwanza kabisa, akija na kikapu. Mwalimu alisita, akageuka, akaingia kwenye kichochoro ambacho mji mzima unajua hakina pa kutokea. Mama Mfuniko hakuwa na moyo wa kumngoja atoke. Alijua kilichotokea, au alidhani anajua: chakula chake kimeharibika ladha na watu wanamkimbia, na mabakuli wamekimbia nayo. Kichwani alishaona kibali kimefutwa, dirisha limepigiwa misumari, na yeye amerudi kufua mashuka ya hoteli, kazi iliyomharibu mgongo hadi akapasuliwa. Aliogopa kweli. Mgongo ule usingehimili beseni tena.

Nyumbani alipekua jiko lote, pengine kuna bakuli alilolibeba akasahau. Nyuma ya pipa la unga, juu ya kabati, ikatokea hotpoti ya bluu.

"He!" akasema mumewe. "Hiyo si ya dada yangu? Aliyokuletea chakula ulipotoka hospitali? Miezi saba hiyo, mama."

"Najua."

"Sasa mbona hujamrudishia?"

"Nitairudishaje tupu? Nilitaka niweke kitu cha maana ndani. Nikipanga, siku inapita, na kadiri siku zinavyopita ndivyo hicho kitu kinavyotakiwa kiwe kikubwa zaidi. Hapa ilipofika labda nimpelekee ng'ombe mzima."

Ndiyo maana kwenye shughuli mbili za ukoo alijificha jikoni mpaka wifi yake alipoondoka. Mumewe alicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Hebu rudia hayo uliyosema," akasema.

Mama Mfuniko akaketi juu ya pipa la unga. Alikuwa amewafanya wateja wake majirani, na wateja nao, watu wa adabu zao, walikuwa wamekaa na chombo cha jirani wakisubiri kitu cha kutia ndani. Aibu ilivyozidi, wakaanza kupita njia za nyuma. Alitaka kucheka, ila Ijumaa ilikuwa karibu mno.

Jumatano asubuhi alitundika kadibodi dirishani: BAKULI LIRUDI TUPU. NDIYO HESHIMA YENYEWE. Aliyekuja bila bakuli alikula pale pale amesimama. Siku hiyo yalirudi matatu tu, na usingizi ukamhama.

Alhamisi fundi cherehani alikuja na saba, macho chini. Moja lilikuwa na vifungo vya shati. "Niliweka kabla sijasoma tangazo," alijitetea. Wengine wakafuata, wengi wakiwatanguliza watoto wao wawapokee aibu. Mwalimu mstaafu aliteremsha matano kikapuni.

"Mwezi mzima nakula biskuti mchana, mama," alisema, na hakuwa anatania. "Nilikuwa nangoja ndimu zangu ziive."

"Biskuti! Na mimi huku nikadhani chakula changu kimekuchosha!"

"Kinichoshe? Nimekonda, hunioni?"

Alimjazia bakuli akampa kijiko, akamsimamia mpaka lilipokwisha, halafu akamnyang'anya.

Alipofunga alihesabu. Arobaini na tisa. Akatazama ndani ya ndoo, ndani ya tanuri, chini ya meza. Arobaini na tisa! Waliobaki na mengine walishahama mji, au hakuwajua hata kwa sura.

Mumewe alipitia hapo akikokota baiskeli, na kwenye kikapu chake cha mbele alikuwa amebeba hotpoti ya bluu. "Tangazo lako ni la wateja tu," aliuliza, "au na mwenye dirisha yumo?"

Nusura ampige na kifuniko. Lakini aliichukua, akaenda.

Njia nzima aliikumbatia hotpoti kifuani, na wepesi wake ulimtia haya, akiona kila apitaye anajua haina kitu. Alibisha. Wifi alifungua mlango, akaiona, akaipokea bila salamu. Akafungua kifuniko, akatazama ndani.

"Ni tupu, wifi," alisema Mama Mfuniko. "Nisamehe. Nilishindwa kuileta hivi."

"Miezi saba," wifi akasema. "Nilidhani nilikukosea. Nilidhani chakula changu kilikudhuru ukaona haya kuniambia."

"Kile chakula ndicho kilichonisimamisha."

Wifi alifuta macho kwa kiganja, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa ameshika bakuli la chuma. Alilikamata kwa mikono miwili, akiligeuzageuza, na nukta nyekundu ikaonekana.

"Nilimtuma jirani yangu aninunulie chakula kwako, nijue unaendeleaje. Tangu siku hiyo liko hapa. Juzi nilitaka kulitia mayai nilete, nikasema mayai ni kidogo. Jana jirani akaniambia umeweka tangazo."

Akamkabidhi. Mama Mfuniko alifungua kifuniko. Lilikuwa tupu, limesuguliwa hadi linang'aa.

"Hamsini," alisema, na hapo hapo machozi yakamtoka, ya hofu ya siku tatu na ya miezi saba.

"Hamsini nini?"

Alimweleza yote pale pale mlangoni. Wifi alisikiliza, akalichukua tena bakuli, akalipulizia pumzi na kulifuta kwa upindo wa kanga.

"Afisa mwenyewe anakuja saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi mimi nitakuwa kwako saa moja. Mabakuli arobaini na tisa hayajisugui."