Ujumbe Niliotuma Mghange

Nilifunga safari hii kwa sababu ya ujumbe wa simu niliouandika mwenyewe, kwa furaha na bila kufikiri. Mimi ni fundi wa maabara jijini Nairobi. Kazi yangu ni kupima madondoo, yaani dawa iliyokamuliwa kwenye mimea: kama yanaua bakteria, kama yanazuia kemikali zinazochakaza mwili, kama yanagusa saratani. Mwalimu Mghoi wa Mghange, kijiji cha milimani juu ya Voi, mama mstaafu anayetibu watu vidonda kwa gome la mti alioachiwa na mamake, alikuwa amenipa kifuko cha gome hilo nilipime. Siku seli za saratani zilipokufa kwenye sahani ya maabara, sikungoja hata kuvua glavu vizuri. Nilimwandikia: "Mwalimu, dawa yako imeua saratani!"

Wiki mbili baadaye tukajaribu dondoo lile lile kwenye seli zenye afya. Nazo zikafa. Shughuli zikanibana, na miezi miwili ikapita kabla sijampigia simu kumweleza. Alisema kwamba mdogo wake Wakesho, mwenye uvimbe kwenye titi, aliacha kwenda hospitali siku ile ile ujumbe wangu ulipofika. Alikuwa anakunywa gome.

"Mimi nimemwambia arudi hospitali, hasikii," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika habari njema. Njoo umwambie na hii, kwa mdomo wako."

Voi, saa sita mchana. Nilishuka kwenye treni nikapokelewa na joto ninalolijua. Nimezaliwa hapa, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka Bungoma kuja kutengeneza njia ya treni, akabaki. Siku nyingine ningepita kusalimia majirani wa zamani. Siku hiyo nilipita kama mtu anayedaiwa.

Wundanyi, saa tisa. Huku juu niliivaa sweta niliyoibeba mkononi tangu Voi. Nilinunua mkate, sukari na majani chai, kwa maana mikono mitupu ingenizidishia aibu, nikapanda pikipiki kwenda Mghange. Njiani nilirudia maneno nitakayosema. Yote yalisikika kama ya kujitetea.

Mghange, jioni. Mwalimu alinisalimu kwa Kidawida, lugha ya huko, nikajibu vibaya kama kawaida yangu, naye akanisahihisha kama kawaida yake. Lakini hakunikaribisha ndani. Alinipeleka nyuma ya zizi, kwenye mti ambao ameniomba nisiutaje jina.

Nilikuwa nimewahi kuuona mti huo ukiwa na afya. Mwalimu huchubua upande wa mawio tu, kipande cha upana wa kiganja, kisha hupaka jeraha udongo wa mfinyanzi na harudi mpaka gome lifunge. Sasa ulikuwa umechubuliwa pande tatu, na majani ya juu yamekuwa manjano.

"Nimeuharibu mwenyewe," alisema. "Kila wiki Wakesho ananiomba, nami siwezi kumnyima. Ni mdogo wangu."

Wakesho alikuwa jikoni akisonga kimanga cha muhogo na maharagwe. Amekonda. Alinifurahia mno, akaniita daktari ingawa nilishamwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari.

"Daktari, umeniletea cheti cha kupona?"

Nilimwambia. Kwamba zile zilikuwa seli kwenye sahani, si mtu. Kwamba dondoo liliua za saratani na zisizo na saratani vilevile. "Hata sabuni ya kufulia ingeziua, dada. Nilikosea kuandika."

"Ati nimekuwa nikinywa sabuni?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akauliza swali ambalo nilipaswa kuulizwa mapema: "Na nyinyi huko gome mlilipikaje?"

"Hatukulipika. Tulilisaga, tukaliloweka kwa spiriti ya maabara."

"Basi hiyo si dawa yangu. Mimi nachemsha kwa maji, mpaka sufuria ibaki robo. Nami sikuwahi kusema inatibu saratani. Nilisema vidonda."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemsifia mtu dawa ambayo hajawahi kuipika.

Wakesho aliuweka mwiko chini. "Mimi niliogopa kisu," alisema polepole. "Ujumbe wako ukaniambia naweza kutoogopa. Si ungenidanganya tu kidogo zaidi?" Kisha akalia, na Mwalimu, dadake, akamshika mabegani. Mimi pia nililia, sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi, saa kumi na mbili. Wakesho alitoka amevaa nguo ya kanisani, na kadi ya kliniki ndani ya Biblia. Mwalimu alikuwa tayari nyuma ya zizi, anapaka udongo pande zote za mti. Aliniletea chupa iliyofungwa kwa kitambaa.

"Hii nimechemsha mimi. Pima hii. Na ukimaliza, mwanangu, usiniandikie. Njoo."

Voi, saa nne. Hospitalini, daktari aliupapasa uvimbe, akapekua kadi na kuuliza kwa nini mgonjwa amepotea zaidi ya miezi miwili. Nilifungua mdomo kukiri. Wakesho akaniwahi.

"Nilikuwa na mgeni nyumbani," alisema, bila kunitazama.

Uvimbe ulikuwa umekua, lakini daktari alisema bado kuna la kufanya. Wakesho alipewa siku ya upasuaji. Nje alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia niende, nisikose treni.

Nairobi. Nilipima maji ya Mwalimu kwa utaratibu wote, mara tatu. Yalizuia vizuri bakteria wanaoozesha vidonda. Seli za saratani hayakuzigusa kabisa. Ndivyo mwenyewe alivyosema tangu mwanzo, na nilihitaji maabara nzima na machozi ya mtu ili nimsikie.

Nilishika simu nimwandikie. Nikaiweka chini, nikaenda kukata tiketi ya Voi.