Anwani Mpya ya Kompyuta ya Studio

Fundi wa redio hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, maana baridi ya Sumbawanga haimwachi hata mchana. Kwa watu huongea kidogo. Lakini kwa kompyuta hunong'ona Kifipa cha kwao, kama anayembembeleza ng'ombe asirushe teke. Kristiana, mtangazaji, amezoea kumwona akiinama hivyo kila umeme ukikatika, kwa sababu ukirudi, kompyuta ya studio hupewa anwani mpya kwenye mtandao wa ndani, na mtambo wa kurushia matangazo hubaki ukiitafuta kwenye anwani ya zamani.

Jana umeme ulirudi, redio ikabaki kimya, na habari zilikuwa zimefika kwamba mafuriko yamesomba daraja kwenye mteremko wa kwenda bonde la Rukwa. Basi la kwenda huko lilikuwa njiani. Kule simu hazishiki. Dereva husikiliza redio tu. Kristiana alimgeukia fundi.

"Itachukua muda?"

"Nimeandika programu itakayoitafuta yenyewe anwani mpya na kuuambia mtambo," fundi alisema. "Sijaijaribu bado."

Akabonyeza, kisha akaficha mikono kwapani. Namba zikatokea, taa ya mtambo ikawaka kijani, na Kristiana akatangaza tena na tena, akimtaja dereva kwa jina.

Muda mrefu ulipita ndipo simu ikaita. Alikuwa dereva: alilisikia tangazo, akageuza basi, akarudi hadi penye mawasiliano. Kristiana akageuka kumshukuru fundi, akamkuta ameketi sakafuni.

"Mke wangu yumo ndani ya basi hilo," alisema.