Mashahidi wa Hisa za Mama

Walimu wenzangu wakitaka kujifunza mambo ya pesa na uwekezaji, huniuliza waanze na kitabu gani. Mimi huwatajia vitatu, na huvisifu kwa maringo kana kwamba nilivitunga mwenyewe. Kuna kile kinene cha mgeni kinachoeleza hisa. Kuna chembamba cha Kiswahili kuhusu bajeti ya nyumbani. Na kuna cha tatu kinachochambua kwa nini watu wenye akili timamu hufanya upuuzi wakishika pesa. Hicho usikisome ukiwa karibu na mumeo, mtagombana. Vyote nilivinunua Kisii mjini, kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na hicho kinene hakina hata jalada. Lakini sikuvisomea kitini. Nilivisoma kwa sauti, nimesimama katikati ya michai ya mama yangu, karibu na Sironga, huko Nyamira.

Mama na wanawake wenzake wa pale jirani walichuma chai kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Likizo moja nilitoka shuleni ninakofundisha nikaenda nyumbani, na Mama akanikuta mlangoni nimezama katika kitabu wakati wenzangu wako shambani. Nilingoja anigombeze. Badala yake akaniambia nije nacho huko niwasomee, na kila mmoja wao angetupa konzi ya majani katika kikapu changu. Basi nikawa msomaji anayelipwa kwa majani ya chai. Nilipitisha sentensi kimoyomoyo kwa Kiingereza, nikaitoa kwa Ekegusii, lugha yetu, nao vidole vyao havikupumzika. Jumamosi hatukusoma, kwa sababu Sabato si siku ya kuchuma wala ya kuzungumzia faida.

Walikuwa wanafunzi wabishi, na nilijivunia ubishi wao. Kitabu kinene kinaanza kwa kumshauri msomaji aache kununua kikombe cha kahawa kila asubuhi. Walicheka wakashika mbavu, maana waume zao wanalima kahawa na hawajawahi kuionja. Kila nilipotamka neno mali, wao walisikia shamba, kwani kwetu mtu asiye na shamba hata awe na nini huonekana hana kitu. Nilipofika kwenye hisa nikakwama kabisa. Kisha nikakumbuka ng'ombe wa Desemba, yule ambaye majirani humnunua kwa kuchanga, akachinjwa, kila mtu akaenda na fungu lake. Nikawaambia hisa ni ng'ombe wa kuchangiwa, ila huyu hachinjwi. Mnagawana maziwa, na akikonda mnapata hasara pamoja.

"Na kichwa anachukua nani?" mmoja akauliza, wakaanza tena kucheka.

Mama hakucheka. Alikuwa ameacha kuchuma.

"Fungu langu la huyo ng'ombe," akasema, "naweza kumpa msichana?"

Nilielewa mara moja anauliza nini. Mama alijaliwa wasichana watatu, mimi na wadogo zangu wawili, na hakupata mvulana. Baba alishafariki. Sheria inasema msichana arithi, lakini sheria inakaa mbali na kijiji chetu. Baba mkubwa, kaka yake Baba na msemaji wa ukoo, kila akipita kando ya michai yetu aliitazama kama mtu anayetazama sufuria yake iliyo jikoni kwa jirani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri tu, tena kwa adabu. Mama alitaka kutuachia walau kitu kimoja ambacho hakuna mtu angesimama siku ya mazishi yake na kukiita cha ukoo.

Bonasi ya chai, yale malipo ya ziada ambayo kiwanda hutoa mara moja kwa mwaka, ilipotoka, akatenga sehemu yake akanunua hisa za benki moja yenye tawi Kisii mjini. Wasichana wake watatu tukaandikishwa kuwa warithi. Mimi nikaona kazi imekwisha, kwa sababu kitabu kinasema ukishanunua, tulia. Mama hakutulia. Kwetu, mtu akinunua shamba huita ndugu na majirani, wakazunguka mpaka pamoja naye, kisha wakala chakula, ili baadaye asitokee wa kudai kwamba hakuona.

"Mashahidi wangu watakuja lini?" akaniuliza.

"Mama, hisa hazina mpaka. Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu hakijaolewa Nyamira."

Nikakifunga kitabu nikaenda kuwaalika, nikianza na Baba mkubwa.

Basi siku ilipofika tukashuka Kisii: Mama, sisi mabinti zake, wanawake wa kuchuma chai, na Baba mkubwa ndani ya koti lake la kanisani. Tulibeba sufuria ya ndizi za kuchemsha na chupa mbili za chai. Nilikuwa natembea nyuma kidogo, nikiomba nisikutane na mzazi wa mwanafunzi wangu. Mlangoni pa benki askari akatuzuia.

"Mama, mbona mko wengi hivi? Laini ya kuweka pesa ni ile pale."

"Hatuko laini," Mama akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mimi niko na hisa hapa. Nimekuja kuonyesha watu mahali yangu."

Askari akanitazama mimi. Nikamweleza huku uso unanichoma. Akamwambia Mama kwa upole kwamba hisa hazimpi hata kiti kimoja humo ndani.

"Najua. Nimesomewa," akasema Mama, na hapo aibu yangu yote ikaisha. Nikatoka nyuma nikaja kusimama kando yake.

Alilizunguka jengo zima polepole, sisi tukimfuata, tukapita kwa wang'arisha viatu na nyuma kunakonguruma jenereta. Kwenye kona moja akaona takataka akazipiga teke, akasema mahali pake pasafishwe. Kisha tukaketi ng'ambo ya barabara tukala.

Baba mkubwa alimenya ndizi yake, akauliza kwa Ekegusii, "Na hii benki ikianguka?"

"Nitapoteza fungu langu, kama wenzangu wote," Mama akasema. "Ndiyo sababu sikuleta bonasi yote hapa. Nyingine iko mahali pengine, na chai bado iko shambani."

Ilikuwa sura nzima ya kitabu kinene, ile niliyowasomea mvua ikinyesha na hakuna aliyetaka kukimbia kujikinga. Moyo wangu ulijaa fahari.

Baba mkubwa akajipangusa mikono. Akasimama, akatutazama sisi wasichana mmoja baada ya mwingine, halafu akasema kwa sauti ile anayotumia akisimama kwenye mpaka wa shamba lililonunuliwa, mpaka wapita njia wakageuka.

"Nimezunguka. Nimekula. Hapa ni pa wasichana."

Mama akainua chupa ammiminie kikombe kingine, akakijaza hata chai nyingine ikamwagika kwenye koti la kanisani. Baba mkubwa hakulipangusa.