Siku Mzee Magogo Aliposema Haiwezekani

Magogo yalikuwa manne, ya mti mgumu, yamechongwa pande zote kwa shoka. Yalikaa chini ya benchi la karakana tangu meneja wa sasa hajamaliza shule. Mafuta machafu yaliyamwagikia mwaka baada ya mwaka hadi yakawa meusi na mazito kama chuma. Mgeni akija alionyeshwa. "Haya ndiyo yanayobeba matrekta yetu," meneja angesema, akiligusa moja kwa ncha ya kiatu. "Haya na mzee wetu huyu." Mzee angetabasamu kidogo, kisha angeendelea kufuta spana zake.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ajira. Karakana nzima, na mashamba yote yaliyoleta matrekta pale, walimwita Mzee Magogo.

Kwa asiyejua kazi hii: klachi ya trekta ikiisha, huifikii kwa juu wala kwa chini. Trekta halina fremu kama lori. Injini na giaboksi zenyewe ndizo uti wake wa mgongo, zimefungwa pamoja kwa bolti, na klachi imejificha katikati yao. Basi lazima trekta lipasuliwe. Nusu ya nyuma inabaki imesimama, nusu ya mbele inavutwa mbele na injini yake na magurudumu yake madogo. Kila nusu ina uzito wa kuua. Tena ile ya mbele ina tabia mbaya: ekseli yake imening'inia kwenye pini moja katikati, ili iweze kuyumba kwenye mashimo ya shamba. Ikishatengana na mwenzake, inataka kulala ubavu.

Dawa yake inajulikana. Ni kigoda cha chuma cha kushikilia giaboksi, toroli la magurudumu la kubeba injini juu ya reli mbili fupi, na kabari mbili za kuziba ekseli isiyumbe. Ni vyuma tu, havina uchawi. Karakana haikuwa navyo. Ilikuwa na jeki moja inayovuja, magogo manne, na mzee mmoja.

Na hili ndilo linalochoma. Hakuna aliyewahi kukataa kununua vile vyuma. Kila mwaka mzee aliviandika kwenye orodha ya mahitaji, na kila mwaka meneja, huyu au aliyemtangulia, alimpigapiga begani na kumwambia kwamba kwa mikono kama ile wangekuwa wanapoteza pesa tu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi akisifiwa huachiwa magogo. Ustadi wake mwenyewe ndio uliokuwa sababu ya kutomhurumia. Angekuwa fundi wa ovyo, vyuma vingenunuliwa siku nyingi.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Asubuhi hakuamka kama watu. Alijiviringisha hadi ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu, akangoja mgongo umruhusu. Mkewe, fundi cherehani, alimsugua dawa kiunoni kabla hajakaa kwenye mashine yake, huku akilalamika kwamba hajui kama aliolewa na mtu au na boriti. Mzee alivaa viatu bila kufunga kamba, kwa kuwa kamba zilikuwa mbali, akaenda kazini akiwa amechoka tayari.

Alienda na binti yake. Binti alikuwa wa pili kuzaliwa, amesomea ufundi wa mitambo, na alikuwa na miaka mitatu pale karakana. Wenzake walimwita Kigogo. Walianza kwa kumcheka, kwamba magogo yamezaa, lakini siku alipofungua bolti iliyowashinda wanaume wawili jina likageuka heshima. Alilipenda. Tangu utotoni alisikia wageni wakimsifu baba yake, na lengo lake lilikuwa moja tu: kupasua trekta kwa magogo yale yale, peke yake, watu wakiangalia.

Nafasi hiyo ilikuja wiki moja kabla ya msimu wa kulima.

Trekta la shamba kubwa lilikokotwa hadi karakana, klachi imekufa. Meneja alilitaka kabla ya Ijumaa. Mzee akainama chini ya benchi kuvuta gogo la kwanza, likasogea nusu, naye akabaki pale pale amechuchumaa, mkono mmoja umeshika mguu wa benchi. Wenzake walidhani anatafuta kitu. Kisha wakaelewa, wakaangalia pembeni kwa adabu.

Meneja alisubiri kidogo. Halafu akamgeukia binti, akasema kwamba sasa ni zamu ya damu changa, mzee aletewe kiti aelekeze kwa mdomo. Karakana ikachangamka. Mmoja akapiga spana kwenye pipa, mwingine akasema leo Kigogo atakuwa kigogo kweli. Binti alikuwa ameshakunja mikono ya ovaroli. Alilivuta gogo mwenyewe, akalibeba kifuani, akalitua chini ya giaboksi.

"Haiwezekani," alisema mzee.

Alikuwa bado amechuchumaa. Meneja akacheka, akidhani ni utani wa wazee.

"Mzee wangu, umepasua mangapi humu ndani?"

"Sikuhesabu. Yamepita mia."

"Kwa magogo haya haya?"

"Haya haya."

"Basi inawezekana. Tuendelee, jamani."

"Kwa magogo haiwezekani," mzee alirudia. "Mimi sipasui tena, na huyu hapasui."

Binti aliweka chini jeki aliyokuwa ameishika. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba, ningekuwa wa kiume ungesema hivyo?"

Mzee aliona kwamba jibu lolote la busara lingemfanya binti aingie chini ya ile injini ili tu kumwonyesha. Alimjua, alikuwa kama yeye. Lilibaki jibu moja, nalo lingemgharimu kitu pekee alichochuma katika maisha yake yote, yaani jina. Akashika benchi kwa mikono miwili, akajiinua, akasimama.

Akawaambia habari za Rangi.

Rangi kila mtu alimjua. Alikuwa fundi rangi wa karakana, rafiki wa mzee tangu ujana wao, na miaka ishirini na miwili iliyopita injini ilimlalia mguu, ukakatwa juu ya goti. Sasa alitengeneza redio barazani kwake. Ripoti ya ajali ilisema alisimama mahali asiporuhusiwa. Kila fundi mpya alisimuliwa kisa chake kama onyo dhidi ya uzembe. Mzee alimtembelea kila Jumapili, na binti yake, aliyemwita Rangi baba mdogo, ndiye aliyebeba chupa ya maziwa.

"Hakusimama vibaya," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyemwita aje aongeze bega. Mimi ndiye niliyesema vuta. Kabari ya upande wake, kipande cha ubao nilichojichongea, ilikuwa bado mkononi mwangu. Tulikuwa na haraka, kama leo. Gogo likateleza kwenye mafuta, injini ikalala. Nikatia sahihi kwamba alizembea."

Fundi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pipa akashuka.

"Na tangu siku hiyo," mzee aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri, "kila trekta nililopasua nililipasua kwa bahati. Mkaita ufundi. Nikanyamaza."

Meneja aliingia kati. Alisema mambo ya zamani yamefungwa na faili zake, kwamba hapa si mahali pake, kwamba kazi ni kazi. Lakini binti hakumsikia.

"Baba mdogo anajua?" aliuliza.

"Alikuwepo."

Binti alitoka nje. Walimwona kupitia mlango mkubwa akitembea hadi kwenye lundo la vyuma chakavu, akisimama, akirudi, akienda tena. Alikuwa na hasira na baba yake. Alikuwa na hasira na zile Jumapili zote, na maziwa, na Rangi kumpokea kwa mikono miwili na kumuuliza masomo yanaendaje. Aliporudi, hakumtazama mzee. Alimwambia meneja kwamba yeye hapasui, kisha akalisukuma gogo kwa mguu likabingirika hadi chini ya benchi.

Meneja akasema mafundi hawajaisha duniani. Akapiga simu, na kesho yake asubuhi akaja fundi kutoka mji wa pili, mtu mnene mwenye begi la spana na maneno mengi. Alilizunguka trekta mara mbili, akagonga matairi, akaomba aonyeshwe vifaa. Wakamwonyesha magogo. Akauliza aliyekuwa akiyatumia yuko wapi. Wakamwambia yuko nyumbani, amekataa.

"Nani amekataa?"

"Mzee Magogo."

Fundi akafunga zipu ya begi. Alimwambia meneja, kwa upole kabisa, kwamba yeye ana watoto wanne, na kama Mzee Magogo ameyaogopa magogo, basi mtu wa kuyagusa bado hajazaliwa. Akanywa maji, akaaga.

Mzee siku hiyo alikuwa amelala sakafuni kwake, kwenye mkeka, kwa sababu kitanda kilimshinda. Aliamini jina lake limekwisha, na alijisikia kama mtu aliyetua mzigo akakuta mabega bado yanauma vile vile. Mkewe alishona, akasimama, akamwekea mto chini ya magoti, akarudi kushona. Binti alipoingia jioni na habari ya yule fundi, aliisimulia kwa mama yake, si kwa baba. Mama alicheka hadi uzi ukakatika. Mzee aligeuza uso ukutani.

Meneja alishikilia msimamo kwa siku mbili nyingine. Shamba kubwa likapiga simu, likapiga tena. Siku ya tatu alimwambia binti, bila kumtazama, kwamba lile lundo la vyuma nje lilikuwa linachafua uwanja na atakayekuwa na matumizi nalo alichukue. Hiyo ndiyo ruhusa yenyewe ya kutengeneza kigoda na toroli. Wakubwa wengi hukubali hivyo, kana kwamba wanatupa takataka.

Binti na fundi wa kuchomelea walikata tela bovu lililooza ubao. Fremu yake ikawa toroli na kigoda. Magurudumu yalitoka kwenye geti la zamani, reli zilikuwa vipande viwili vya chuma cha pembe vilivyolazwa sakafuni, na kabari walizikata kwenye boriti kavu, moja kulia, moja kushoto. Siku tatu, cheche na kelele. Kitu chenyewe kilitoka kibaya, kimekaa kama mbuzi aliyevimba, na fundi wa kuchomelea aliwaonya wasikicheke kabla hakijafanya kazi.

Jumanne mzee alirudi, akitembea upande. Binti alikuwa hajazungumza naye tangu siku ile zaidi ya salamu. Alikuwa ameshafungua mabomba na nyaya, ameshapigilia kabari zote mbili, na giaboksi ilikuwa imekaa juu ya kigoda. Kabla ya kufungua bolti ya mwisho alimpa baba yake nyundo.

"Hebu sikiliza hizo kabari," alisema.

Mzee akagonga ya kulia, akagonga ya kushoto. Zote zilitoa mlio mfupi, uliokaza. Akatikisa kichwa kukubali.

Binti akatoa bolti. Hakuita mtu wa kuongeza bega. Aliegemeza nyonga kwenye toroli, akasukuma, na nusu nzima ya trekta ikateleza mbele kwa hatua mbili, bila kuyumba, klachi ikiwa wazi kama mdomo. Mafundi wakaguna. Hata meneja, aliyesimama mlangoni, aliguna.

Mzee akaomba irudishwe. Binti akairudisha. Mzee akaweka kiganja kimoja juu ya injini, akasukuma kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Ikaenda.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

Aliirudisha, akaisukuma tena. Miaka thelathini na moja alikuwa amepasua kwa magogo. Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba walitamani angalau alie, lakini alibaki akiitazama injini ikienda na kurudi, mdomo wazi kidogo. Mmoja alianza mzaha, akaumeza.

Meneja alitaka wapigwe picha na kifaa kipya, mzee akae katikati. Mzee alisema amechoka, anaomba ruhusa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tangu aajiriwe hakuwahi kuomba kuondoka saa hiyo.

Rangi alikuwa barazani, redio imefunguliwa mapajani, magongo yameegemea ukuta. Alipomwona alishangaa: leo si Jumapili. Mzee hakukaa. Akiwa amesimama juani alimweleza yote, kuanzia kabari iliyobaki mkononi mwake mpaka toroli la vyuma vya tela.

"Walikuwepo wangapi ulipowaambia?" Rangi aliuliza.

"Kumi na mmoja, na meneja."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Rangi aliinamia redio yake. Alikaza skrubu iliyokuwa imekaza tayari.

"Na hiyo injini," alisema, "ilikuwa nzito?"

"Haikuwa na uzito wowote, ndugu yangu. Nimeisukuma kwa mkono mmoja."

Rangi alisema mzee amechelewa. Alisema miaka ishirini na miwili watoto wa watu wamekuwa wakipita hapa barazani wakionyeshwa mzembe alivyo. Alisema mzee asitegemee kuambiwa si kitu, kwa sababu ni kitu. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono kiunoni, mgongo ukimwaka.

Kisha Rangi akasogeza kigoda kwa gongo.

"Kaa," alisema. "Nishikie huu waya, mkono wangu hautoshi."

Mzee akakaa polepole, kwa awamu tatu, akaushika.