Siku Watani wa Anga Walipochinjana Mbele ya Swaumu

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Ndani ya kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video, huko Tangini, mjini Kibaha, Swaumu Kondo ameshika kipaza sauti na hasemi neno.

Hilo halijawahi kutokea. Mama huyu wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Kisarawe, ndiye anayetafsiri filamu za kigeni hapa, papo kwa papo, sauti zote yeye: jemadari, bibi kizee, roboti, mpaka mbwa akibweka. Kiingilio ni shilingi mia tano, na wengi wanakiri kwamba wanamfuata yeye kuliko picha.

Leo ni sehemu ya tano ya Safina ya Nyota, filamu za anga zinazopendwa hapa kuliko mpira. Mama yake Kapteni, shujaa wa filamu, amefariki. Mfalme wa Sayari Nyekundu anaingia matangani, na ukumbi unaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Huyu ni mtani wa Kapteni tangu sehemu ya kwanza, na mtani akifika msibani kila mtu anajua kazi yake: kuwachekesha wafiwa.

Mfalme anachomoa silaha na kuwachinja waombolezaji wote.

"Matangani?" anapiga kelele mzee Mwinyijuma, muuza mihogo anayetoka Kisarawe kila Jumamosi kwa pikipiki. Amesimama, mikono kichwani. "Mtani anachinja watu matangani? We Swaumu, sema kitu!"

Mwandishi wa makala haya, aliyefika kumwona mwanamke mwenye sauti nyingi, anajikuta naye ameshika kichwa. Ameona filamu za kutisha maishani, lakini hajawahi kuona watu wazima wakitetemeka namna hii kwa ajili ya watu wa kwenye skrini.

Ubishi kwamba filamu hizi zimeharibika ni wa muda mrefu. Kwa mashabiki wa Tangini, ya kwanza hadi ya tatu ni dhahabu. Kuanzia ya nne, wanasema, waliozitengeneza wamechemsha.

"Nilisema mimi, mwandishi wa filamu wamembadilisha," anafoka Anselmi, Mnyamwezi wa Nzega anayefanya kazi katika kiwanda kimoja cha Zegereni. "Kwenye ya nne Mfalme ananuna tu. Sasa hii! Hawa watu hawana mila?"

Ndipo anaposimama Evaline, muuguzi anayeishi jirani, ambaye leo ni mara yake ya kwanza kuingia hapa.

"Samahanini jamani," anasema. "Mimi nimeziangalia zote kwa Kiingereza. Hawa ni maadui tangu ya kwanza. Hakuna utani. Yale yalikuwa matusi."

Macho yote yanamgeukia Swaumu.

"Ni kweli," anasema, na kipaza sauti hakijazimwa. "Watani niliwafanya mimi."

Kuna aliyesema "Mungu wangu!" na kuna aliyekaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Filamu walizozipigania kwa miaka sita, wakizilinganisha na hizi mbovu za karibuni, hazikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote huko ng'ambo. Zilitengenezwa hapa, chini ya bati hili, kwa Kiingereza cha kidato cha nne na kamusi iliyochanika jalada.

Siku ya pili Swaumu, akichambua mchele uani kwake, alieleza ilivyokuwa. Wiki moja kabla ya onyesho la sehemu ya kwanza, vijana wa viwandani, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa wamerushiana mabenchi na wenyeji kwa sababu ya mpira. Siku ya filamu kila upande ulikaa kivyake, umevimba.

"Mfalme akafungua mdomo, akamtukania Kapteni mama yake mzazi," anasema Swaumu. "Nikajiambia, nikilitoa hili tusi kama lilivyo, leo watu watazikana. Nikasema: 'We Kapteni, huko kwenu ngoma ikilia mnaacha hata ubwabwa uungue!'"

Mzee Mwinyijuma, Mzaramo wa kuzaliwa, kabila linalotaniwa kwa kupenda ngoma, alicheka mpaka akaanguka. Anselmi akadakia kutoka upande wa pili, Mwinyijuma akamuuliza mzigo wa kubeba kichwani kauacha wapi, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ule wa tangu enzi za misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, ukaanza upya pale pale. Mabenchi hayakurushwa tena.

Lakini uongo huo ulimtesa. "Kila sehemu mpya ikija nashindwa kula," anasema. "Nilijua iko siku Mfalme na Kapteni watauana, na mimi sitakuwa na neno la kuweka."

Zubeir, mwenye kibanda, hakutaka kusikia. Alitangaza kwamba kwa sehemu ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, ataleta kijana kutoka Dar. Kwa Swaumu, mjane anayelipwa elfu kumi kwa onyesho, kipaza sauti hicho ndiyo kazi yake pekee.

Mwinyijuma aliunga mkono afukuzwe. "Miaka sita nacheka matusi! Katugeuza mazuzu."

Aliyempinga ni mtani wake. "Mke wangu alipofariki sikuwa na ndugu hata mmoja hapa Kibaha," Anselmi alimwambia mbele ya watu, mlangoni kwa Zubeir. "Nani aliingia kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo? Si wewe? Ulinijulia wapi, mzee, kama si humu ndani?"

Zubeir alikuna kidevu, kisha akakata shauri: Swaumu atafsiri ya sita, neno kwa neno, bila kutia chumvi. Watu wakitoka katikati, kijana wa Dar anakuja.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulifurika. Swaumu aliomba radhi. Mfalme alipomwona Kapteni alitoa tusi, na Swaumu akalitoa lilivyo, zima, la mama mzazi. Wanawake walijifunika midomo. Kina mama wawili wakaanza kuinuka.

"We Mfalme!" Mwinyijuma alipaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Maneno makali, suruali umeazima kwa nani?"

"Kwa Mzaramo!" alijibu Anselmi. "Ndiyo maana haina makalio!"

Kibanda kililipuka. Wale kina mama wakakaa. Kuanzia hapo Swaumu alisema kweli tupu mpaka mwisho, na ni nusu tu iliyosikika, maana kila tusi lilijibiwa na watu kumi. Hakuna aliyetoka. Zubeir naye alicheka mpaka akasahau kufunga mlango, wakaingia wa bure.

Ubishi haujaisha, bado wapo wanaoapa kwamba kuanzia ya nne ni takataka. Swaumu, ambaye sasa ana uhakika wa kazi, ana mpango mmoja: kuzirudia zile tatu za mwanzo, safari hii kwa maneno halisi ya filamu zenyewe.

"Nataka wazione zilivyo, ndiyo wabishane," anasema. "Nitalala usingizi."

Mwinyijuma ameshapelekewa habari. "Atafsiri atakavyo," anasema, akifunga magunia yake ya mihogo. "Mimi waniwekee benchi la mbele."