Visahani vya Baridi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifanya kazi ya maabara miaka kumi na tisa, na kila asubuhi aliianzia kwa mchinjaji. Alichukua magoti ya ng'ombe mabichi kwenye ndoo. Kwa kuwa na yeye mwenyewe alichechemea, mchinjaji akambatiza Mama Magoti, na jina likamganda.

Mimi sikusoma sana, lakini kazi yake naijua, maana alinieleza tukimenya viazi. Gegedu, kile kitu cheupe kigumu kinachofunika ncha za mifupa, ina seli chache zinazoishi zikiwa zimetengana, kila moja imezungukwa na ute mzito iliouunda yenyewe. Ute ukichakaa, seli huvuta molekuli zake ndani, huzivunjavunja, kisha hutengeneza nyingine. Ikivunja zaidi kuliko inavyojenga, goti linalika.

"Zangu zimekula nyumba mpaka msingi," alisema.

"Kwa uchoyo wako, wifi, lazima zilishinda njaa."

Kazini alizitoa seli kwenye yale magoti, akaziweka kwenye visahani na kuzilisha molekuli zilizotiwa rangi inayong'aa. Kisha aliziosha kwa kimeng'enya kinachobandua molekuli zilizonata nje, akapima kwa darubini mwanga uliobaki ndani. Visahani vingine alivikalisha kwenye barafu, kwa sababu seli ikipata baridi haimezi kitu. Hivyo vya baridi lazima viwe vyeusi chini ya darubini. Vikiwaka, rangi imenata nje tu, na umejidanganya.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, profesa alimwahidi kwamba safari hii jina lake litaandikwa kwenye ripoti. Miaka yote waliandika "tunawashukuru mafundi" na kupita. Majibu nayo yalikuwa mazuri ajabu: seli za magoti yaliyochakaa zilimeza mara tatu ya zile zenye afya. Alirudi nyumbani hoi, lakini akiimba.

Wiki moja kabla ripoti haijatumwa, aliviangalia visahani vya baridi. Vyote viliwaka.

Alinisimulia akiwa ameketi kitandani, viatu bado miguuni. Kimeng'enya kilitunzwa kwenye friza, ghorofa tatu chini, na kila siku ilitakiwa chupa mpya. Zile ngazi ziliyashinda magoti yake. Akawa anapandisha chupa moja ya wiki nzima na kuiacha mezani, na kimeng'enya hicho kikikaa kwenye joto hujila chenyewe. Kwa miezi mitatu alikuwa akiosha kwa maji matupu. Visahani vya baridi alishaacha kuvitazama zamani, kwa kuwa havijawahi kuwaka.

"Nani mwingine ameona?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Umebakiza miezi miwili tu."

"Mficha uchi hazai, wifi."

"Kwani wewe bado unataka kuzaa?"

Alicheka mpaka akalia, na kile kilio hakikuwa cha kicheko tena. "Kuna mtu atatengeneza dawa kwa kufuata ule mwanga," alisema. Nikamvua viatu.

Kesho yake alimwambia profesa. Hakugombezwa. Profesa alivitazama vile visahani kimoja kimoja, akamwomba aandike tarehe zote, na ripoti ikazuiwa. Miezi miwili haikutosha kurudia kazi yote. Wifi yangu akastaafu kwa kupewa keki na saa ya ukutani.

Mwaka uliofuata profesa alimletea nakala ya ripoti mpya. Zile seli zilimeza zaidi kweli, ila ni mara moja na nusu tu, na kazi ilikuwa imefanywa na mikono mingine. Jina lake halikuwamo, na mimi nilikasirika waziwazi. Yeye aliniambia hana kinyongo, kosa lilikuwa lake na limesahihishwa. Lakini nilimwona akipitisha kidole kwenye orodha ya majina, mara ya kwanza, kisha mara ya pili, polepole, kama mzazi anayemtafuta mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.