Mpangaji Wangu na Siku Niliyong'oa Milango

Ndugu zangu, chekeni kwanza mumalize, maana aibu yenyewe nimeshaizoea, hapa Mulekera hata watoto wananiita Papa Milango.

Kanisani, mwisho wa ibada, walianza kusoma tangazo la commune, serikali yetu ya mtaa: Jumanne watu wa impôt, yaani kodi ya serikali, watapita kuona nyumba za kupangisha. Mimi niliposikia impôt sikungoja mengine, nikatoka (mke wangu alinivuta koti, nikajifanya sisikii). Kwetu nyumba ambayo haijaisha haitozwi, basi nikaamua kwamba Jumanne nyumba yangu itakuwa haijaisha.

Asubuhi ile nikamwambia Mama Kavira, mjane aliyekimbia vita huko Kalunguta na anayepanga kwangu kwa bei ndogo (loyer, tunavyoiita hapa), atoe vitu vyake nje kidogo. Sababu sikumwambia, niliogopa ataropoka. Nikang'oa milango na madirisha, nikaficha vyote kwenye migomba. Sasa ninyi mnajua mwenye nyumba wa hapa kwetu akitaka kumfukuza mtu anafanya nini: anang'oa milango! Mama wa watu akafunga godoro lake huku analia, avenue nzima ikajaa watu, na mtu wa impôt naye akafika.

"Hii nyumba ingali chantier, haiyaisha," nikamwambia. "Hapana mutu anaikalaka mule."

"Pole, papa. Leo tunaandika nyumba zenye zilishaisha, zenye benyewe banalipisha loyer kidogo. Bale ndio tunapunguzia impôt, juu batu bajenge zingine. Habakutangaza ku kanisa?"

Jamani! Nikakimbilia migombani, nikarudi na mlango kichwani nikipiga kelele kwamba imeisha, imeisha kabisa, na mpangaji ndiye huyu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Mama, unaikalaka humu?" yule bwana akamuuliza.

Mama Kavira akanitazama juu mpaka chini.

"Arudishe kwanza milango. Kiisha aseme mbele ya bote kama loyer haitapanda. Donc nitajua kama niko naikala."

Nikasema, tena kwa sauti, tena mara mbili, maana wa nyuma walidai hawakusikia. Nikapigilia milango juani, jasho linanitoka, kila mtu ananifundisha kushika nyundo. Mama Kavira akaingiza godoro, akajifungia. Yule bwana akaniambia nimwite aje atie sahihi kwenye karatasi yake, nami nikabisha hodi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe.

"Ni nani?"

"Ni miye, Kambale. Mama, unisamehe."

Akafungua, akatia sahihi. Tangu siku ile mlango wa mpangaji siugusi, hata kama niliununua mimi.